Maswali ya wasomaji: Victoria, mwaka 1851

Toleo lililopita tuligusia koloni la Victoria, kusini-mashariki mwa Australia, ambalo kwa mwaka mmoja tu liligeuka kutoka nchi ya wachunga kondoo kuwa nchi ya wachimba dhahabu. Barua nyingi zilizofuata zimetoka kwa watu wanaoijua dhahabu kwa mikono yao, na wanachouliza ni mambo ya kazi: shimo lilichimbwaje, mchanga ulioshwaje, serikali ilichukua kiasi gani. Tumejibu kadiri nafasi ilivyoruhusu.

Mnasema koloni lilizaliwa Julai 1851, lakini Melbourne mnaitaja tangu 1835. Wanafunzi wangu wamenibana nikashindwa kujibu. (Mwalimu wa historia, Iringa)

Yote mawili ni kweli, Mwalimu. Mwaka 1835 walowezi kutoka kisiwa ambacho leo kinaitwa Tasmania walivuka mlango wa bahari na kupiga kambi kwenye Mto Yarra, mahali palipokuja kuwa Melbourne, bila ruhusa ya serikali. Eneo lile likaitwa Wilaya ya Port Phillip, likawa sehemu ya koloni la New South Wales na kutawaliwa kutoka Sydney.

Hapo ndipo manung'uniko yalipoanzia. Fedha za mauzo ya ardhi na ushuru wa forodha zilikwenda Sydney, na aliyechaguliwa kuiwakilisha wilaya ilimbidi aache shughuli zake akakae huko wiki nyingi. Mwaka 1848 wapiga kura wa Melbourne walichoka, wakamchagua Earl Grey, waziri wa makoloni aliyekuwa London na ambaye hakuwa na habari yoyote. Ilikuwa kejeli, lakini ujumbe ulifika.

Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuitenganisha wilaya na New South Wales mwaka 1850. Habari ilitua Melbourne Novemba mwaka huo, watu wakasherehekea siku kadhaa, ila utengano wenyewe ulianza kisheria tarehe 1 Julai 1851. Charles Joseph La Trobe, aliyekuwa msimamizi wa wilaya tangu 1839, akawa luteni gavana. Baraza la kutunga sheria lilikuwa na viti 30: 20 vya kuchaguliwa na 10 vya kuteuliwa, na kura ilikuwa ya wenye mali. Kumbuka hilo la kura, litarudi chini.

Sensa ya Machi 1851 ilihesabu watu wapatao 77,000. Kondoo walikuwa karibu milioni 6, yaani kondoo wapata 78 kwa kila mtu. Waambie wanafunzi waanzie kwenye hesabu hiyo, maana ndiyo inayoeleza nani alikuwa na sauti katika koloni lile.

Moto wa Februari uliwashwa na nani? (Msomaji, Mombasa)

Hakuna mtu mmoja wa kunyooshewa kidole. Mwaka 1850 mvua ziligoma, majani yakakauka mpaka mizizi, na tarehe 6 Februari 1851, siku inayoitwa hadi leo Alhamisi Nyeusi, upepo mkali wa kaskazini ulivuma kutoka nyika za ndani. Melbourne joto lilipanda hadi karibu nyuzi 47. Mioto midogo iliyokuwa ikifuka huku na huko, mingine ikiwa imeachwa na wasafiri bila kuzimwa, iliungana. Karibu robo ya nchi iliungua. Waliokufa walikuwa 12, idadi ndogo kwa sababu watu wenyewe walikuwa wachache na wametawanyika, lakini kondoo wapatao milioni moja waliteketea. Kwa hiyo miezi mitano kabla ya koloni kuzaliwa, utajiri wake mkuu ulikuwa umeliwa vibaya.

Dhahabu iligunduliwa kwa bahati tu, au walikuwa wanaitafuta? (Msomaji, Kahama)

Walikuwa wanaitafuta, tena kwa hofu. Mei 1851 ilitangazwa kwamba Edward Hargraves, aliyekuwa ametoka California, amepata dhahabu karibu na Bathurst, New South Wales. Vijana wa Melbourne wakaanza kufunga mizigo. Wafanyabiashara waliona mji unahama, wakaunda kamati, na tarehe 9 Juni wakatangaza zawadi ya gini 200 (gini ilizidi pauni kidogo) kwa atakayepata dhahabu yenye faida ndani ya maili 200 kutoka Melbourne. Julai James Esmond akaonyesha dhahabu ya Clunes, na katika miezi hiyo hiyo ikaonekana Warrandyte, Buninyong, Ballarat na Mount Alexander. Kabla mwaka haujaisha watu walikuwa wamefika Bendigo.

Mimi ni mchimbaji mdogo, Geita. Sisi mbale (mawe yenye dhahabu) tunaisaga kwenye karasha (mashine ya kusaga mawe), unga unapita mwaloni (mfereji wa kuoshea) juu ya zulia. Hao wenzetu hawakuwa na mashine. Nielezeni hatua kwa hatua walivyopata dhahabu.

Karasha hawakuihitaji, ndugu yetu, kwa sababu dhahabu ya mwaka ule haikuwa bado imefungwa ndani ya jiwe. Ilikwisha kuachana na mwamba zamani, ikasombwa na mito ya kale na kulala kwenye changarawe na udongo. Kazi ilikuwa kutenga kizito na chepesi: kwa ujazo ule ule, dhahabu ina uzito wa karibu mara saba kuliko mchanga wa kawaida.

Kifaa chao kikuu tukiite susu, kwani nao walikiita kwa jina la kitanda cha kumbembeleza mtoto. Ni sanduku la mbao lenye urefu wa mita moja hivi, lisilo na ukuta upande wa mbele, limekaa juu ya vipande viwili vya mbao vilivyopinda ili liweze kuyumba kushoto na kulia. Juu, upande wa nyuma, kuna trei yenye kitako cha bati lililotobolewa matundu ya kama sentimita moja. Chini ya trei kuna turubai au blanketi lililotandwa kwa mteremko wa kurudi nyuma. Sakafuni mna vibao viwili au vitatu vilivyopigiliwa kukingama, vyenye kimo cha kidole kilicholala. Pembeni, mkono wa kusukumia. Fundi seremala wenu wa mtaani anaweza kulitengeneza kwa siku moja.

Kundi la watu wanne lilitosha. Mmoja alichimba, mmoja alibeba udongo hadi kijitoni, mmoja alimimina maji kwa kata yenye mpini mrefu, mmoja alibembeza. Udongo wa koleo mbili tatu unatiwa kwenye trei, maji yanamiminwa mfululizo, susu linayumbishwa. Vidogo vinapita matunduni, vinaangukia turubai, vinarudi nyuma, kisha vinateremka sakafuni kuelekea mbele. Dhahabu na mchanga mweusi hunaswa nyuma ya vibao, mchanga mwepesi hutoka na maji. Mawe yaliyobaki kwenye trei hayatupwi mpaka yakaguliwe kwa macho, kwa sababu kipande kikubwa cha dhahabu hakipiti tunduni, na wako waliokirusha kwenye kifusi pamoja na kokoto.

Mara kadhaa kwa siku vibao vinasafishwa, na kilichonaswa kinamaliziwa kwenye karai. Hiyo karai mnaijua wenyewe. Mchanga mweusi wa mwisho ulikaushwa juu ya moto, ukapitishiwa sumaku, uliobaki ukapulizwa polepole kwa mdomo.

Sasa yaliyoharibika. Maji yakizidi, dhahabu laini inaondoka nayo. Yakipungua, mchanga unagandamana nyuma ya vibao na kuwa mgumu kama sakafu, hapo dhahabu mpya inateleza juu yake na kwenda zake. Susu likiinama mno mbele, hasara ni ile ile. Adui mkubwa kuliko wote alikuwa udongo wa mfinyanzi. Tonge la mfinyanzi ambalo halijavunjika huviringika ndani ya susu na kuokota chembe za dhahabu njiani, kisha hutoka nazo nje. Dawa yake ilikuwa pipa lililokatwa nusu: udongo unatiwa humo na maji, unavurugwa kwa koleo mpaka uwe uji, maji machafu yanamwagwa, yanatiwa mengine, mpaka ibaki changarawe safi. Hiyo ndiyo ya kupeleka kwenye susu. Waliokuja na haraka waliiruka hatua hii, na wenye subira walikuja baadaye wakaosha upya vifusi vyao wakapata.

Na duara zao (mashimo ya kuchimbia) zilikuwa za kina gani? Walitumia matimba (magogo ya kuzuia kuta zisianguke)? (Mchimbaji, Chunya)

Mwanzoni hapakuwa na duara kubwa. Eneo la mtu mmoja lilikuwa mraba wa futi 8 kwa futi 8, kama mita 2.4 kila upande, na mwaka 1851 wengi walifika mita chache tu. Ballarat, sehemu iliyoitwa Golden Point, walikata udongo mweusi wa juu, changarawe, tabaka za mfinyanzi wa rangi mbalimbali, kisha wakafikia mfinyanzi mweupe laini. Dhahabu nzuri mara nyingi ilikuwa imekaa juu yake au ndani ya vishimo vyake. Wengi wakaamini huo ndio mwisho, wakahama. Waliothubutu kuutoboa walikuta changarawe nyingine chini, na miaka iliyofuata Ballarat ikawa mahali pa mashimo marefu yaliyofuata mikondo ya mito iliyofukiwa.

Matimba yalitumika pale shimo liliporefuka, lakini kwenye mashimo mafupi watu walidharau. Tatizo lilikuwa udogo wa viwanja. Ukichimba mpaka ukingoni na jirani naye akichimba mpaka ukingoni, kati yenu unabaki ukuta mwembamba wa udongo. Kila mmoja anauchokonoa kidogo chini, maana dhahabu haijui mpaka. Mvua ikinyesha ukuta unalowa na kuanguka, na mashimo yote mawili yanafunga.

Nimesoma kuwa leseni ilikuwa shilingi 30 kwa mwezi. Hiyo ni hela nyingi au kidogo? Na kwa nini watu waligombana nayo hivyo? (Msomaji, Nairobi)

Tupige hesabu kwanza. Pauni moja ilikuwa shilingi 20, kwa hiyo leseni ni pauni moja na nusu. Machimboni dhahabu iliuzwa takriban pauni 3 kwa wakia, na mara nyingine chini ya hapo. Basi leseni ilikuwa nusu wakia, karibu gramu 15 na nusu za dhahabu, kila mwezi, kwa kila mtu. Kundi la watu wanne lilidaiwa wakia mbili kabla halijanunua unga.

Lakini uchungu wenyewe haukuwa kiasi. Uchungu ni kwamba leseni ilimdai mtu, haikuidai dhahabu. Aliyepata ratili nzima alilipa shilingi 30, aliyechimba shimo kavu mwezi mzima alilipa shilingi 30, na wote wawili walitakiwa kulipa kabla ya kupiga sururu. Ukikamatwa huna, faini ya mara ya kwanza ilikuwa pauni 5. Karatasi yenyewe ilibidi uwe nayo mwilini wakati wote, hata ukiwa umezama kwenye matope hadi kiunoni, na tunavyojua karatasi na matope, ndugu zangu, havikai pamoja.

Serikali nayo ilikuwa na sababu zake. La Trobe alitangaza Agosti kwamba dhahabu yote ni mali ya Malkia wa Uingereza, na leseni ikaanza tarehe 1 Septemba. Polisi, makamishna na msafara wa kulinda dhahabu njiani walihitaji mshahara. Ilikuwepo sababu ya pili ambayo wachimbaji waliiona wazi: kuwazuia vibarua wasiyakimbie mashamba ya kondoo. Ili upewe leseni ulitakiwa uonyeshe kwamba hujatoroka kazi uliyoajiriwa. Kwa maoni yetu kifungu hicho kimoja kinaeleza serikali ilikuwa inamtumikia nani kuliko hotuba zote za mwaka ule.

Wachimbaji walipinga mapema, kuanzia mkutano wa Buninyong mwezi ule ule wa Agosti. Tarehe 1 Desemba serikali ikaongeza petroli kwenye moto: ikatangaza leseni itapanda hadi pauni 3 kuanzia Januari 1852. Tarehe 15 Desemba watu wapatao 15,000, kwa makadirio ya kawaida, walikusanyika Forest Creek, Mount Alexander, kwenye kibanda cha mchunga kondoo, wakaazimia kutolipa nyongeza. Kichekesho ni kwamba serikali ilikuwa imekwisha kurudi nyuma siku mbili kabla, ila habari ilikuwa haijawafikia. Bei ikabaki shilingi 30.

Tatizo lilibaki pale pale, kwani mchimbaji alilipa kodi na hakuwa na kura. Liliiva Ballarat, na tarehe 3 Desemba 1854 askari waliivamia ngome ya magogo ya Eureka na kuua zaidi ya wachimbaji 20. Mwaka 1855 leseni ilifutwa. Badala yake kikaja cheti cha pauni 1 kwa mwaka mzima, chenye haki ya kupiga kura, na ushuru wa shilingi 2 na peni 6 kwa kila wakia iliyosafirishwa nje. Angalia mzigo ulivyohamia: sasa aliyepata ndiye aliyetoa. Nyinyi mnaolipa mrabaha leo mtaitambua sura hiyo.

Kondoo walibaki na nani? (Mfugaji, Simanjiro)

Swali zuri, na lililowanyima usingizi wenye mashamba. Kule majira ni ya kusini mwa dunia, kondoo hunyolewa kuanzia Oktoba hivi, na Oktoba 1851 ndipo machimbo yalipowaka. Kondoo asiponyolewa kwa wakati, manyoya hujaa mbegu za majani makavu na uchafu, na bei ya London inaanguka. Wenye mashamba walipandisha ujira, wakanyoa kwa kuchelewa, wengine wakabaki na wazee na watoto wa kuchunga. Melbourne nako La Trobe aliandika London Oktoba kwamba nyumba zimeachwa tupu, biashara imesimama, hata shule zimefungwa, na kwamba katika baadhi ya vitongoji hakuna mwanamume aliyebaki. Wanawake wa mitaa ile, aliandika, waliungana ili kujilinda.

Lakini ng'ombe na kondoo wa nyama walipata soko wasilowahi kuliota. Kabla ya hapo kondoo mzee alichemshwa tu ili kupata mafuta ya mishumaa.

Walikula nini? (Msomaji, Tanga)

Nyama ya kondoo, mkate wa majivuni na chai, asubuhi, mchana na jioni. Posho ya kawaida ya kibarua wa shamba kwa wiki ilikuwa ratili 10 za unga wa ngano, ratili 10 za nyama, ratili 2 za sukari na robo ratili ya majani ya chai, na mchimbaji alijipimia hivyo hivyo. Mkate haukutiwa hamira: unga, chumvi na maji, ukandwe uwe mgumu kiasi, ubonyezwe kama sahani nene, ufukiwe kwenye majivu ya moto yasiyo na makaa mekundu. Baada ya nusu saa na zaidi unaugonga kwa kidole, ukilia kama kitu chenye uwazi ndani umeiva. Makaa mekundu yakiugusa, unaungua nje na ndani unabaki kinyunya. Mboga hazikuwepo, na maji ya kunywa yalitoka kwenye vijito vile vile vilivyooshewa mchanga, ndiyo maana kuhara damu kulienea wakati wa joto. Pombe ilipigwa marufuku machimboni, kwa hiyo ikauzwa kwenye mahema kwa kificho.

Wenyeji wa nchi ile walikuwa wapi wakati haya yote yanatokea? (Msomaji, Muscat)

Walikuwa pale pale. Ballarat ni ardhi ya Wadawurrung, Mount Alexander na Bendigo ni ya Dja Dja Wurrung. Walikwisha kupunguzwa vibaya na magonjwa, mauaji na kufukuzwa kwenye visima na mawinda yao katika miaka 15 ya kondoo. Hakuna aliyewaomba ruhusa, na leseni ya shilingi 30 haikuwa na senti yao. Wachimbaji wakakata miti, wakapindua mikondo ya mito. Hata hivyo wengine waliuza huduma kwa wageni hawa: waliwaongoza njia, waliwabandulia magome ya miti ya kuezekea vibanda, waliwauzia mablanketi ya ngozi yaliyothaminiwa sana usiku wa baridi. Tena kilikuwepo kikosi cha Polisi Wenyeji chini ya Kapteni Henry Dana, na ndicho kilichopelekwa Ballarat Septemba 1851 kusimamia leseni za kwanza. Mzungu aliyeidai ardhi yao kuwa ya Malkia alidaiwa karatasi na mwenye ardhi aliyevaa sare ya Malkia.

Wakia ya dhahabu ni gramu ngapi? Mnunuzi mmoja aliniambia 28. (Mchimbaji, Nyarugusu)

Siyo 28. Wakia ya kupimia unga na sukari ni gramu 28.35, lakini ya dhahabu ni gramu 31.1, na ndivyo ilivyokuwa hata 1851. Anayechukua wakia kamili ya dhahabu huku akikulipa bei ya gramu 28 anakupunja: umempa gramu 31.1 lakini umelipwa 28, kwa hiyo kila wakia unapoteza karibu gramu tatu. Victoria waliigawa wakia ya dhahabu katika sehemu 20, kila moja ikiwa gramu 1.55 hivi, ili hata mwenye kijiko cha vumbi apimiwe. Hila za mizani zilikuwepo. Mnunuzi alipuliza mchanga mweusi kwa nguvu mno ili unga laini uangukie kwenye kitambaa chake mezani, au alichambua kwa vidole vyenye mafuta na kucha ndefu. Mchimbaji mwerevu alikuja na dhahabu iliyokwisha kusafishwa, amekwisha kuipima kwake, na hakuiruhusu ipulizwe mara ya pili.